Makoti Yasiyo na Namba

Taisia Pavlovna alikuwa na ugomvi mmoja tu na wanadamu, nao ulihusu vitanzi. Koti lisilo na kitanzi cha kutundikia pale shingoni hakulipokea kimyakimya. Alilinyanyua juu, akaligeuza ndani nje ili waliopanga foleni wote walione, kisha akauliza, "Hili nilitundike na nini, mwanangu? Na ulimi wangu?" Nimemsikia akimwambia hivyo profesa mzima mwenye ndevu, na profesa akainama kama mtoto aliyechafua sare. Akishamaliza kumsuta mtu, alichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake la kazi, akakishona kitanzi huku mwenyewe yuko ndani anasoma. Akitoka alilikuta koti lake limetengenezwa, wala haambiwi neno.

Nayajua haya kwa sababu kwa miaka mingi meza yangu ya chai ilitazamana na dirisha la chumba chake cha makoti. Mimi ni Alevtina. Nauza chai, kahawa na pirozhki, maandazi yetu yenye kabichi ndani, ninazozikanda mwenyewe nyumbani, na asiyezipenda avuke mto aende katikati ya Petersburg akanunue povu kwenye kikombe. Maktaba yetu iko upande wa viwanda. Majira ya baridi kila anayeingia anatumwagia sakafuni theluji iliyochanganyika na chumvi ya barabarani, na ndani ya ukumbi koti halivuki, liwe la nani. Unalitoa kwa Taisia Pavlovna, unapewa kibao chenye namba, unapita.

Alizaliwa palepale mtaani. Mama yake alifuma soksi kwenye kiwanda kilicho vituo viwili vya tramu kutoka hapa, naye akafuata kufuma soksi kwenye kiwanda hichohicho. Mume wake Tolya alikwenda Murmansk kutafuta kazi melini akasahau kurudi. Watoto hawakujaliwa. Nchi ilipobadilika kiwanda kilikosa fedha kikawalipa wanawake kwa soksi, basi akawa anasimama nje ya stesheni kwenye baridi akiuza mshahara wake. Halafu kiwanda kikafa. Sasa ni jumba la maduka, na Taisia hajawahi kukanyaga ndani, hata kwenda chooni.

Kwetu alikuja kwa sababu palikuwa na joto. Alikaa kwa sababu ya washairi.

Hao washairi walipewa ukumbi wa chini bure, mlango mmoja kutoka kwenye makoti. Walikuwa vijana wa mrengo wa kushoto, wachoraji, watu wa maigizo, wachapaji wa vijitabu. Mashairi yao hayakuwa na vina. Yalizungumza juu ya kodi za nyumba, magereza, wafagiaji waliotoka Tajikistan na vita vya kwenye televisheni. Badala ya kupiga makofi walitikisa vidole hewani kama wanawake wanaokausha rangi ya kucha. Hawakuwa na mwenyekiti. Kila jambo liliamuliwa kwenye mkutano wa wote, tena kwa kauli moja, na mmoja akikataa basi jambo limekufa. Polisi wa mtaa alikuja kusikiliza kama pana kosa. Mara ya pili alisinzia, Taisia akalazimika kumwamsha ampe koti lake.

Na hakuna aliyetia jina lake kwenye shairi. Yote yalitiwa jina moja, Kolektivi, yaani kundi zima kwa pamoja. Mwenye kutetea sana jambo hilo alikuwa Savva, kijana mwembamba aliyekuwa akifundisha falsafa kwa vipindi.

"Jina la mwandishi ni ukuta wa mali binafsi, Alevtina Fyodorovna," alinieleza siku moja huku anatafuna pirozhki yangu.

"Basi Kolektivi ilipe chai," nikamwambia. "Mbona kila mtu ananilipa yake?"

Alicheka, na akalipa yake.

Niliyempenda mimi ni Agata. Huyo alifanya kazi ya kuandika maneno chini ya filamu za kigeni, na alikuwa na tabia ya kuegemea dirisha la makoti akiongea na Taisia. Alimwomba ruhusa, akaweka simu irekodi, akamwuliza habari za kiwanda. Taisia alisimulia huku anashona. Wiki kadhaa baadaye, kwenye usomaji, Agata akasimama na karatasi. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia wote wawili:

*nililipwa soksi
nikasimama nje ya stesheni
nimezivaa mikononi
kulia nyekundu, kushoto ya kijivu
ili wateja waone rangi
mikono yangu ilipata joto
ndio ulikuwa mshahara*

Lilikuwa refu zaidi ya hapo. Lilieleza asubuhi mashine zilipozimwa, na wanawake wakaendelea kuja kazini na kukaa mbele ya mashine zilizokufa, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wasije. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini siku ile nilimwaga chai ya mteja. Taisia alibaki na koti la mtu kifuani, amelikumbatia. Vidole vilitikiswa kule ndani muda mrefu.

Walipotoka akauliza, "Nani kaliandika lile?"

"Sisi sote," akajibu Savva.

"Sote wangapi? Nimshukuru nani?"

"Utushukuru sote, ndugu Taisia."

Walikuwa wakiitana ndugu, hata sisi wazee walituita hivyo. Taisia akamtazama Agata, na Agata akatazama viatu vyake.

Sasa sikiliza walivyokuja kumponza kwa mapenzi. Agata alitoa wazo kwamba wafanye onyesho la kumheshimu Taisia, kuhusu kazi isiyoonekana. Siku ya onyesho yeye atakaa mstari wa mbele kama mgeni rasmi, na washairi watapokea makoti. Mkutano ukakubali. Lakini Savva akaongeza lake: pasiwe na namba. Makoti yatakuwa ya wote, na mwisho wa onyesho kila mtu atachukua analolihitaji.

"Namba ni gereza la kitu," akasema.

"Namba ni namba, mwanangu," Taisia akamjibu. "Bila namba ni vurugu."

"Ndiyo maana yake hasa. Vurugu yenye huruma."

"Huruma itamrudishia mtu koti lake?"

Lakini Agata alikuwa amemshika mkono, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwekea Taisia kiti cha mbele. Akatoa lile sanduku la vibao akawapa. Nilimwona akiwapa, na nilinyamaza, maana alikuwa amevaa blauzi ya hariri ambayo sikujua kama anayo.

Inessa Robertovna, mkurugenzi wetu, naye akachagua jioni hiyohiyo kumleta mheshimiwa wa ofisi ya utamaduni, amwonyeshe kwamba maktaba yetu ina uhai. Mheshimiwa alikuja na koti zito la ngozi ya kondoo, lenye manyoya hadi kwenye mifuko. Savva akalipokea.

"Na namba yangu?"

"Leo hakuna namba, bwana. Leo kuna imani."

Mheshimiwa akacheka. Alidhani ni sehemu ya onyesho, na kwa kweli ilikuwa.

Taisia alikaa mstari wa mbele kama mtu aliyekalia mayai. Wakasoma mashairi ya wapishi, wafagiaji na wauguzi, na lile la soksi likasomwa na wote kwa pamoja. Mwisho Savva akapanda kwenye kiti akatangaza kwa sauti ya redio: makoti ni ya wote, kila mtu achukue analolihitaji, asimwombe mtu ruhusa.

Nikaegemea meza yangu nitazame mapinduzi. Washairi, wachoraji, wanafunzi wao, wote waliingia chumba cha makoti wakacheka, wakapapasa, wakasukumana, na kila mmoja akatoka na koti lake mwenyewe. Hata Savva. Alitafuta la kwake kwa bidii, akalikuta chini ya mengine, akalikung'uta.

Ni mtu mmoja tu aliyefanya walivyosema.

Yevsey Ilyich alikuwa dereva wa kreni bandarini, amestaafu zamani. Hakukosa usomaji hata mmoja, kwa ajili ya joto na kwa ajili ya sukari yangu, ambayo aliitia mfukoni akidhani simwoni. Koti lake lilikuwa jembamba kama shuka, na vifungo vilipokwisha alilifunga kwa kamba. Chumba kilipobaki kitupu, koti lile la kamba ndilo lililoning'inia peke yake, na mbele yake amesimama mheshimiwa wa ofisi ya utamaduni na suti yake. Hakucheka tena. Aliondoka kwa teksi, amefunikwa kitambaa cha meza yangu.

Kesho yake mchana tulikwenda kwa Yevsey Ilyich, mimi na Taisia. Mimi nilikwenda kuchukua koti, nililisema hilo njia nzima. Inessa Robertovna alikuwa amekwisha kusema lake: anataka jina. Ama la aliyechukua koti, alipeleke polisi, ama la aliyeondoa namba, amfukuze. Mzee alikuwa na chumba kimoja kwenye fleti ya watu wengi, nyuma ya karakana ya tramu. Bomba la joto lilikuwa vuguvugu. Tulimkuta amekaa dirishani amelivaa lile koti, vifungo vyote vimefungwa, na uso wake sikuwahi kuuona vile.

"Karibuni, karibuni jamani. Mmeliona?"

"Tumeliona, Yevsey Ilyich," nikasema. "Ndilo lililotuleta."

"Nimewasikiliza vijana wale miaka mingapi," akasema, hakunisikia hata kidogo. "Kila siku ya wote, ya wote. Nikawa nawaza, hawa wanaimba tu, na sisi tulikuwa tunaimba hivyohivyo. Lakini jana yule mwembamba kapanda kwenye kiti kasema, chukueni. Nikajiambia, haya Yevsey, umengoja vya kutosha. Safari hii wana maana."

Nilifungua mdomo. Taisia akanikanyaga mguu chini ya meza, na anakanyaga vizuri, alikanyaga mashine miaka yote ile. Akasimama, akaenda nyuma ya mzee, akainua ukosi wa koti akachungulia.

"Kitanzi chake cha mnyororo," akasema. "Kizuri. Hakikatiki hicho."

Tukanywa chai, tukatoka. Kwenye ngazi nikamwuliza kama kichwa chake ni kizima.

"Kamvue wewe, umrudishie lile la kamba," akanijibu. "Mimi siwezi."

"Utakula nini ukifukuzwa? Vitanzi?"

"Alevtina, usinipigie kelele kwenye ngazi za watu."

Nilipiga kelele barabarani basi. Nilikasirika sana, maana nilijua pensheni yake, na nilijua zaidi ya pensheni. Nilijua kwamba nyumbani kwake hakuna mlango wa kusikilizia mashairi.

Washairi walipoelezwa, nitasema haki yao, hakuna hata mmoja aliyetaka mzee atajwe. Hilo lilipita kwa kauli moja, na vidole vikatikiswa. Likabaki jina la aliyeondoa namba. Wakafunga mlango wakaanza mkutano. Taisia alikaa dirishani kwake akishona kitanzi cha koti la Agata, na mimi nikawa napeleka chai ndani ili nisikie.

"Nitasaini mimi," alikuwa akisema Agata. "Wazo lilikuwa langu. Anataka jina, nitampa jina."

"Nakataa," akasema Savva. "Ukisaini peke yako, onyesho linakuwa la Agata. Hapo umeshaturudisha kwenye msanii na fahari yake. Tusaini Kolektivi. Sote tunawajibika."

"Sote nani? Wewe saini basi."

"Ningependa, ndugu. Lakini hilo nalo litakuwa jina moja."

Sijui kama aliogopa. Wengine walisema aliogopa. Mimi nilimtazama usoni nikaona mtu anayeamini anachosema, na nilichukia zaidi. Agata alilia, akafuta machozi, lakini sheria ilikuwa kauli moja, na kauli haikuwa moja, basi akanyamaza. Naye nilimchukia siku ile. Walikaa mpaka chai ikanichachia kwenye birika. Mwishowe wakatoa tamko la kurasa mbili lililoandikwa vizuri sana, lenye neno kazi karibu kila mstari, na chini yake: Kolektivi.

Walimpelekea Inessa Robertovna sote tukiwa tumesimama pale ukumbini. Alilisoma lote. Si mwanamke mbaya, ila mheshimiwa alikuwa amemkalia kooni.

"Kolektivi haina pasipoti," akasema. "Nikamwandikie mheshimiwa nini? Kwamba koti lake limeondolewa na itikadi?"

Savva alianza sentensi yenye neno muundo ikamfia mdomoni. Ndipo Taisia akatoka dirishani kwake na koti la Agata mkononi, akalikabidhi, akaomba karatasi na kalamu. Akaandika akiwa amesimama, kwenye meza yangu, pembeni ya sukari: kwamba sanduku la vibao lilikuwa chini yake, na yeye ndiye aliyelitoa. Akaweka jina la kwake, la baba yake na la ukoo. Kwenye karatasi ya pili akaandika kwamba anaomba kuacha kazi kwa hiari yake. Ndivyo inavyoandikwa kwetu kila mtu anapofukuzwa.

"Taisia Pavlovna, usifanye hivyo," akasema Agata.

"Nimeshafanya. Kitanzi chako kilikuwa kimeoza, nimekutilia kipya."

Mtu mpya hakuajiriwa. Inessa Robertovna aliweka mti wa kutundikia makoti kwenye korido, kila mtu atundike mwenyewe. Na nilicheka peke yangu nilipoona matokeo yake. Kwenye usomaji wa kwanza mti ule ulisimama mtupu. Wote walikaa ndani na makoti yao magotini, wameyashika, na mmoja wao mbele akisoma juu ya kufuta mali binafsi.

Theluji ilipoyeyuka kijitabu chao kilitoka. Jalada la kijivu, karatasi nzito, na jina Kolektivi kwa herufi ndogo. Shairi la soksi lilikuwa katikati. Siku ya kukizindua vilipangwa kwenye meza moja karibu na yangu, kila anayeingia achukue chake. Watu hawajaanza kuja, nikasikia mlango wa nje, na sauti niliyokuwa sijaisikia kwa muda ikisema sakafu hii inafagiliwa na nani siku hizi.

Taisia alikuwa amevaa blauzi ile ya hariri. Alitundika koti lake kwenye mti ule mtupu, kwa kitanzi, akaja akaketi kwenye kiti changu bila kuniomba. Akavuta vijitabu, akatoa kalamu kwenye mkoba. Akafungua cha kwanza katikati, na chini ya shairi, mahali palipokuwa peupe, akaandika Taisia Pavlovna Kruglova. Akakifunga, akaweka pembeni, akafungua cha pili.

Nilimmiminia chai. Alikuwa akiandika polepole, na herufi zake ni kubwa.

Washairi wakaanza kuingia. Alimpa kila mmoja kijitabu chake kwa mkono, kama alivyokuwa akiwapa vibao, wakapokea, wakasogea, wakafungua wakaona. Kisha akafika Savva. Alisoma jina lile, akageuza ukurasa, akarudi.

"Taisia Pavlovna," akasema kwa upole, "samahani, hili lilipaswa kupita mkutanoni kwanza."

"Lipitisheni, mwanangu. Mimi naendelea hapa."

"Lakini kwa nini? Sisi hatukuweka jina la mtu yeyote. Hata letu."

Taisia alimalizia herufi aliyokuwa akiiandika, akanyanyua macho. Hakuwa na hasira, na nadhani hilo ndilo lililomwumiza Savva, maana alikuwa amejiandaa kwa hasira.

"Hizo soksi nilizivaa mimi," akasema. "Mtu akiona kuna kitu chake kimepotea humu, ajue wa kumwuliza."

Savva alibaki na kijitabu mkononi. Nyuma yake foleni ilikuwa imesimama. Agata akatoka katikati yao, akaja mezani, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo kalamu," akasema. "Nami niandike langu, chini ya lako."

Taisia akalitazama koti alilobeba Agata mkononi.

"Katundike hilo kwanza," akamwambia. "Kitanzi linacho."

Agata akaenda akalitundika.